Uzito wa ndama chotara wa nyama: damu imechangia kiasi gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila msimu wa kulikiza ndama (kuwaachisha kunyonya), kutoka kwa wenye ranchi, wafugaji wa boma moja na maafisa mifugo wanaosimamia uchanganyaji wa Boran, Sahiwal na zebu wetu wa kienyeji (ng'ombe wa nundu) na mafahali wa aina za Ulaya: Angus, Hereford, Simmental au Charolais. Hesabu zenye neno "tuseme" ni mifano ya kufundishia, si vipimo vya shamba fulani.

Ndama mzito kuliko wote zizini ni wa fahali mpya. Si hilo tu latosha kuonyesha kwamba fahali ni bora?

Halitoshi. Kilo unazosoma mizanini zimechangiwa na wengi: jeni za baba, jeni za mama, maziwa aliyonyonya, mvua za mwaka ule, umri wake siku ya kupimwa, jinsia yake, kupe waliomnyonya damu, hata maji aliyokunywa asubuhi ile. Fahali amechangia nusu ya jeni za ndama, basi. Kazi nzima ya kukadiria mchango wa jeni ni kuwatoa hao wengine mmoja mmoja mpaka libaki lililo la damu, na kila ukiruka mmoja, kilo zake zinaandikwa kwa fahali asiyehusika.

Nipime uzito gani, na lini?

Vipimo vitatu vinatosha kwa kuanzia: uzito wa kuzaliwa (ndani ya saa 24), uzito wa kulikizwa na uzito wa karibu mwaka mmoja. Ukiweza, ongeza wa miezi 18, kwa kuwa ng'ombe wetu wa malisho hawafiki sokoni mapema.

Pima asubuhi kabla hawajanywa maji. Tumbo lililojaa linaweza kubadili kilo nyingi kuliko tofauti ya mafahali unayoitafuta. Mkanda wa kifua unafaa pasipo na mizani, ila usichanganye: nusu ya ndama kwa mkanda na nusu kwa mizani ni sawa na kutopima. Kumbuka pia kwamba mkanda uliotengenezwa kwa ng'ombe wa Ulaya unasoma vibaya kifua cha zebu, na chotara ndiye anayeukoroga zaidi kwa sababu umbo lake liko katikati.

Ndama wangu hawakuzaliwa siku moja. Nawalinganishaje?

Unawarudisha wote kwenye umri mmoja. Kipimo kilichozoeleka ni siku 205. Toa uzito wa kuzaliwa kwenye uzito wa kulikizwa, gawanya kwa umri wa siku, zidisha kwa 205, kisha rudisha uzito wa kuzaliwa.

Tuseme ndama wa kwanza alizaliwa na kilo 30 na akalikizwa na kilo 196 akiwa na siku 230. Ameongeza kilo 166, yaani gramu 722 kwa siku. Kwa siku 205 anakuwa na kilo 178. Wa pili alizaliwa na kilo 26, akalikizwa na kilo 170 akiwa na siku 190. Huyu ameongeza gramu 758 kwa siku, na kwa siku 205 anafika kilo 181. Yule aliyeonekana mdogo kwa kilo 26 ndiye aliyekua haraka zaidi. Wafugaji wengi humuuza huyu wa pili kwanza.

Tunatumia marekebisho ya umri wa mama kama Wamarekani?

Jedwali la Shirikisho la Kuboresha Ng'ombe wa Nyama la Marekani huongeza kilo 27 kwa ndama dume wa mama mwenye miaka miwili na kilo 18 kwa wa miaka mitatu, ili walingane na ndama wa ng'ombe aliyekomaa. Wazo ni zuri, namba si zetu. Huku mtamba wa Boran malishoni mara nyingi anazaa uzao wa kwanza akiwa na miaka mitatu au minne, kwa hiyo "mama wa miaka minne" wa kwao na wa kwetu si ng'ombe mmoja. Tumia namba ya uzao (wa kwanza, wa pili, wa tatu na kuendelea) na uache takwimu za kundi lako zikuambie uzao wa kwanza unapungukiwa kilo ngapi.

Kundi rika ni nini?

Ni ndama waliozaliwa msimu mmoja, wakalishwa pamoja, wakaogeshwa pamoja na kupimwa siku moja, na hapakuwa na mmoja aliyependelewa. Kulinganisha kunafanyika ndani ya rika tu. Ukiwaweka watoto wa fahali wa bei ghali kwenye malisho ya mtoni na wa fahali wa zamani kule mlimani, umepima nyasi. Hakuna kompyuta itakayoliokoa jaribio hilo, kwa sababu fahali na malisho vimefungwa kamba moja.

Kosa jingine ni la kimyakimya: kuuza ndama wakubwa kabla ya siku ya mizani kwa sababu mnunuzi amekuja na pesa taslimu. Waliobaki ndio wanaoingia daftarini, na fahali aliyezaa vizuri anaonekana wa kawaida. Kama lazima uuze, pima kwanza.

"Kiwango cha urithi" kina maana gani hasa?

Wakiambiwa ni 0.25, watu hudhani asilimia 25 ya uzito wa ndama imetoka kwa wazazi. Sivyo. Kiwango cha urithi kinazungumzia tofauti: kati ya tofauti zote za uzito zilizopo ndani ya rika, ni sehemu gani inasababishwa na jeni ambazo mzazi anaweza kuzipitisha? Kwa ng'ombe wa nyama, uzito wa kuzaliwa huwa karibu 0.3 hadi 0.4, wa kulikizwa 0.2 hadi 0.3, wa mwaka mmoja 0.3 hadi 0.4. Penye ukame na magonjwa namba hushuka, kwa sababu mazingira yanapiga kelele na jeni hazisikiki.

Tuseme ndama dume amewazidi wenzake wa rika kwa kilo 20 na kiwango cha urithi ni 0.25. Unatarajia kilo 5 kati ya hizo ziwe za kijeni. Naye akiwa fahali atapitisha nusu, yaani kilo 2.5 kwa kila ndama wake. Kutoka 20 hadi 2.5! Ndiyo maana anayelipa mara mbili kwa sababu ya "ndama aliyevunja rekodi" mara nyingi anarudi akilalamika.

Ng'ombe jike anaingia wapi katika hesabu hii?

Anaingia mara mbili, na hapa ndipo makadirio mengi ya huku kwetu yanapopotea.

Kwanza anampa ndama nusu ya jeni za ukuaji, sawa na baba. Pili, yeye ndiye mazingira ya ndama: tumbo, maziwa, na tabia ya kumlinda mtoto au kumtupa. Uwezo huo wa kulea nao una jeni zake, na kwa uzito wa kulikizwa kiwango chake cha urithi mara nyingi ni 0.1 hadi 0.2. Kwa hiyo tunakadiria vitu viwili tofauti: mchango wa moja kwa moja (jeni alizobeba ndama mwenyewe) na mchango wa mama (jeni za malezi alizobeba mama). Fahali naye anazo jeni za maziwa, ila huzioni mpaka binti zake wazae. Fahali anaweza kuzaa ndama wazito mwaka huu, na miaka minne baadaye binti zake wakalea ndama waliokonda.

Takwimu nyingi huonyesha hata uhusiano hasi kati ya michango hii miwili, kana kwamba jeni za kukua na za kulea zinagombana. Baadhi ya ugomvi huo ni wa kweli. Baadhi unatokana na kundi dogo lisilo na mama wenye uzao zaidi ya mmoja, ambapo hesabu inashindwa kuamua kilo ni za nani na kuishia kumnyang'anya mmoja ili impe mwingine. Ukiona uhusiano wa hasi 0.7 katika ripoti ya ndama 150, shuku ripoti kabla ya kumshuku ng'ombe.

Kisha kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havina: maziwa ya nyumbani. Kwenye maboma mengi mama hukamuliwa asubuhi na ndama huachiwa titi mbili, au moja, au "kinachobaki". Ng'ombe mwenye maziwa mengi ndiye anayekamuliwa zaidi. Matokeo yake, daftari linasema mama bora ana ndama mdogo. Ukitaka hesabu iwe na maana, andika nani anakamuliwa, na titi ngapi zinaachwa. Nimeona takwimu za miaka minne zikiharibika kwa sababu ya vibuyu vya maziwa visivyoandikwa popote.

Nguvu ya uchotara ni nini, na inapimwaje?

Ni ile ziada anayokuwa nayo chotara juu ya wastani wa pande zote mbili za wazazi wake. Neno la kushika hapo ni *wastani*.

Tuseme kwenye ranchi moja, malisho mamoja, Boran safi wanalikizwa kwa kilo 150, aina ya Ulaya kwa kilo 190, na machotara wa kizazi cha kwanza kwa kilo 183. Mwenye ranchi anatangaza: "Uchotara umeniongezea kilo 33!" Hapana. Wastani wa wazazi ni 170. Kilo 20 za kwanza ni tofauti ya kawaida ya aina, ambayo angeipata hata kama nguvu ya uchotara isingekuwepo. Kilo 13 zilizobaki ndizo za uchotara, karibu asilimia 7.6. Ili kuzitenganisha unahitaji ndama safi wa *pande zote mbili* katika rika moja, na ndama wa Ulaya safi malishoni kwetu huugua na kufa. Wengi hawana kundi hilo, hivyo wanachoripoti kama uchotara ni mchanganyiko wa vitu viwili.

Kwa ujumla, aina mbili za Ulaya zikichanganywa ziada ya uzito wa kulikizwa ni asilimia chache. Zebu na Ulaya wakichanganywa ziada ni kubwa zaidi, mara nyingi asilimia 10 au kupita, kwa sababu koo hizo mbili zilitengana zamani sana.

Lakini uchotara mtamu zaidi uko kwa mama. Katika majaribio maarufu ya Nebraska, Marekani, ya Hereford, Angus na Shorthorn, kilo za ndama waliolikizwa kwa kila ng'ombe aliyepandishwa ziliongezeka asilimia 8.5 ndama akiwa chotara, na asilimia 14.8 zaidi mama akiwa chotara: jumla 23.3. Sehemu kubwa haikutokana na ndama kuwa wanene. Ilitokana na mama kushika mimba, kuzaa na kufikisha ndama siku ya kulikiza. Anayepima uzito tu na kusahau ndama waliokufa au majike yaliyokosa mimba hataiona faida hiyo.

Kizazi cha kwanza walikuwa wa ajabu. Nimetumia fahali chotara, kizazi cha pili wameshuka. Nimeuziwa fahali mbaya?

Huenda fahali ni mzuri tu. Nguvu ya uchotara hairithiwi kama rangi. Inatokea pale jeni ya upande mmoja inapokutana na jeni ya upande wa pili ndani ya ndama mmoja. Chotara wa kizazi cha kwanza wana mkutano huo kila mahali. Ukiwapandisha wao kwa wao, nusu ya mikutano hiyo inavunjika na nusu ya ziada inaondoka.

Kwa mfano wetu wa juu: kizazi cha pili kinatarajiwa kuwa 170 jumlisha 6.5, kama kilo 176 na nusu. Ukimrudisha chotara kwa Boran, wastani wa aina unashuka hadi 160, na nusu ya uchotara inabaki, kilo 166 na nusu. Mfugaji asiyejua hili humfukuza fahali kwa kosa la hesabu.

Kwa kubadilishana mafahali wa aina mbili kizazi kwa kizazi, baada ya muda unabakia na takriban theluthi mbili ya ziada. Kwa aina tatu, asilimia 86. Njia nyingine ni kuunda aina mpya ya mchanganyiko na kuifunga. Ng'ombe wa Mpwapwa aliundwa hivyo Dodoma kwa damu ya Red Sindhi, Sahiwal, zebu wa Tanzania, Boran na kiasi kidogo cha Ulaya. Aina ya namna hii hubaki na sehemu ya uchotara mradi kundi ni kubwa na ndugu hawazaliani.

Angus kwa jike la Boran, au Boran kwa jike la Angus: si ndama ni yule yule?

Kwa asilimia za damu, ndiyo. Kwa mizani, hapana. Fahali wa zebu akipanda jike la Ulaya, ndama huzaliwa mkubwa sana, na madume huwapita majike kwa pengo kubwa kuliko kawaida. Ukigeuza, mama akiwa zebu, ndama huzaliwa mdogo. Limeonekana wazi kwa Brahman (aina ya zebu) na Hereford. Sehemu ni tumbo la mama wa zebu linalozuia mtoto asikue kupita kiasi. Sehemu ni jeni zinazofanya kazi tofauti kutegemea zimetoka kwa baba au kwa mama.

Kwa hiyo andika "baba Angus, mama Boran", usiandike "damu 50" tu. Na ni habari njema kwetu, maana jike la Boran, ambaye ndama wake safi huwa na kilo 25 hadi 30 hivi, anazaa chotara wa fahali mkubwa kwa shida ndogo kuliko unavyoogopa. Mtamba wa kwanza ni habari nyingine. Mpe fahali anayezaa ndama wepesi.

Nahitaji watoto wangapi ili nimwamini fahali?

Kwa sifa yenye kiwango cha urithi 0.25, watoto 5 waliopimwa vizuri wanakupa uhakika sawa na uzito wa fahali mwenyewe: 0.5 kwa kipimo kinachoishia 1. Watoto 15 wanafikisha 0.71, watoto 30 wanafikisha 0.82, na 60 wanafikisha 0.89. Ukitazama, baada ya 30 kila ndama anaongeza kidogo. Bora upime mafahali wanne kwa watoto 30 kila mmoja kuliko mmoja kwa 120.

Wawe pia wametawanywa. Watoto 30 wa rika moja wanaweza kubeba bahati ya msimu mmoja. Kwa wafugaji wadogo dawa ni uhimilishaji: mbegu za fahali mmoja zikitumika kwenye mashamba kumi, fahali huyo anakuwa daraja la kuyalinganisha mashamba yote.

Mafahali watatu wanatembea na kundi moja. Nifanyeje?

Watenganishe kwa msimu wa kupandisha, au pima vinasaba vya ndama na mafahali. Kubahatisha kwa rangi usifanye. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," ndiyo, ila ndama mweusi anaweza kuwa wa yeyote kati ya watatu wale.

Wataalamu wanatumia hesabu gani?

Wanatumia njia aliyoijenga Charles Henderson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Kwa maneno ya nyumbani: unaandika uzito wa kila ndama kama jumla ya rika lake, jinsia, uzao wa mama, sehemu ya damu ya kila aina, kiasi cha uchotara cha ndama na cha mama, kisha jeni zake, jeni za malezi za mama na mazingira ya kudumu ya mama huyo. Kompyuta inatatua yote kwa pamoja ikitumia nasaba, hivyo binamu anamtolea ushahidi binamu. Programu za WOMBAT na BLUPF90 hutumiwa sana kwa kazi hii.

Usiache sehemu ya damu na kiasi cha uchotara nje ya hesabu. Ukiviacha, kompyuta itavigeuza kuwa "jeni nzuri" za fahali aliyebahatika kupanda majike ya aina tofauti, na kiwango cha urithi kitapanda uongo. Nikipokea ripoti ya machotara, hapo ndipo ninapotazama kwanza.

Je, vipimo vya DNA havijaondoa haja ya mizani?

Havijaondoa. Ramani ya jeni za ng'ombe ilichapishwa mwaka 2009 kutoka kwa jike la Hereford la Montana liitwalo Dominette, na tangu hapo fahali anaweza kukadiriwa akiwa bado ndama. Ila kipimo hicho hujifunza kutoka kwa wanyama waliopimwa uzito. Kilichojifunza kwa Angus wa Marekani kinabashiri vibaya kwa chotara wa Boran anayepambana na kupe na ndigana kali. Kwa sasa faida kubwa ya DNA kwetu ni mbili: kumjua baba, na kujua asilimia halisi ya damu, ambayo kwa "damu 75" wengi wa sokoni hailingani kabisa na maneno ya muuzaji.

Daftari la karatasi linatosha?

Linatosha kabisa. Chora safu hizi: namba ya hereni ya ndama, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, baba, mama, uzao wa mama, aina za pande zote mbili, kilo za kuzaliwa, tarehe na kilo za kulikizwa, mama anakamuliwa au la, na safu ya mwisho ya vifo na mauzo. Ndama aliyekufa wiki ya pili aandikwe pia. Tumia kalamu ya risasi, kwa sababu wino hufutika mvua ikinyesha zizini, na piga picha ya kila ukurasa jioni ile ile kabla mbuzi hawajalifikia.